Namba ya rangi haitoshi kupaka Huey

Wenzangu wa kuunda modeli za helikopta huniuliza jambo moja kuliko mengine yote: "Hii Huey umeipaka namba ngapi?" Nawajibu FS 34087, kwa kuwa ndicho kijani cha mzeituni ambacho Jeshi la Nchi Kavu la Marekani lilikitumia kwenye helikopta zake za UH-1, ndizo hizo Huey, kule Vietnam. Wanashukuru, wanaandika namba, wanaondoka. Natamani wangebaki kidogo, maana kazi yenyewe ndiyo kwanza inaanza hapo.

Namba nazipenda, tena zinasomeka. Katalogi ya FS 595 ya serikali ya Marekani ilitoka mwaka 1956, na kila rangi ilipewa tarakimu tano. Ya kwanza inahusu mng'ao: 1 inang'aa, 2 inang'aa kiasi, 3 haing'ai. Ya pili ni ukoo wa rangi: 0 kahawia, 4 kijani, 5 bluu, 6 kijivu. Tatu za mwisho kwa kawaida zikiwa ndogo rangi ni nzito, zikipanda rangi inapauka. Kwa hiyo ukiona 34031, ile ya helikopta za Black Hawk na Apache, unajua hata kabla ya kufungua kopo kwamba ni kijani chenye giza kuliko 34087. Na 24087 usiihesabu kuwa rangi nyingine. Kwa kanuni ya namba ni kijani kilekile chenye mng'ao kidogo. Wajerumani nao wana katalogi yao, RAL, na hapo mambo ni mepesi: helikopta yao ya CH-53G yenye mabaka ya rangi tatu inataka 6031 ya kijani, 8027 ya kahawia na 9021 ya nyeusi. Waingereza wana BS 381C.

Ila namba inakueleza rangi ilivyokuwa siku ilipotoka kiwandani. Helikopta iliyokaa miezi kwenye jua la Vietnam, ikipigwa na vumbi jekundu kila inapotua, moshi wa injini ukilamba mkia, mafundi wakipaka viraka vipya juu ya rangi iliyochujuka, haina tena rangi moja. Ndiyo maana mimi huchagua helikopta moja, katika picha moja, na kupaka hiyo.

Picha nazo zina hila zake. Filamu za rangi za miaka ya 1960 hazikuzeeka sawasawa: slaidi za Kodachrome zilizohifadhiwa gizani zimedumu vizuri, nyingine nyingi zimegeuka nyekundu au bluu. Ukitoa rangi ya kijani humo bila kupima, utapaka uzee wa filamu. Dawa yake ni kutafuta ndani ya picha kitu ambacho rangi yake unaijua. Kwenye Huey za kubebea majeruhi, zile zilizoitwa Dustoff, kuna msalaba mwekundu juu ya mraba mweupe. Huo mraba ni hazina. Ukiwa na wekundu wekundu, basi na kijani kilicho kando yake kimesogea upande huohuo, na unajua urudi kiasi gani. Pasipo msalaba natazama maandishi meupe ya UNITED STATES ARMY kwenye mkia, mradi ni helikopta ya kipindi kabla hayajabadilishwa kuwa meusi.

Sasa kopo. Kijani cha mzeituni si kijani cha majani. Asili yake ni nyeusi na manjano ya udongo, na ukilijua hilo umepona maradhi ya watu wengi: kukipausha kwa nyeupe. Nyeupe inakiua. Kinakuwa baridi, cha chokaa, kinaelekea kijivu. Mimi natia rangi ya mchanga, tone kwa tone, na pale jua lilipopiga zaidi, yaani mgongo wa mkia na paa juu ya marubani, naongeza tone la manjano iliyofifia. Fanya jaribio hili mwenyewe: vijiko viwili vya plastiki, kimoja nyeupe, kingine mchanga, kijani kilekile, matone yaleyale. Viweke dirishani ukavitazame. Sijaona aliyevitazama akarudi kwenye nyeupe.

Kupausha penyewe kuna mabishano. Hoja ya kawaida ni kwamba modeli ya 1/48, yaani iliyopunguzwa mara 48, ukiitazama kwa sentimita 30 ni kama unaitazama helikopta halisi iliyo mita 14 hivi, na ya 1/72 karibu mita 22, kwa hiyo hewa iliyo katikati inapausha rangi. Kuna majedwali yanayosema asilimia 10 kwa 1/48 na 15 kwa 1/72. Mimi siamini kwamba hewa ya mita 22 inafanya kazi kubwa hivyo. Napausha kwa sababu nyingine: kitu kidogo cheusi ndani ya chumba kinameza mwanga, na mistari yote ya mabati inapotea. Kwa hiyo 34031 naipausha sana, na rangi ya mchanga siigusi kabisa. Asilimia moja kwa rangi zote haina maana.

Halafu taa. Rangi mbili zinaweza kufanana kabisa juani zikatofautiana chini ya balbu ya manjano, kwa sababu zimetengenezwa kwa vitu tofauti. Paka chini ya taa nyeupe ya kelvini 5000 hadi 6500, au angalau chini ya taa itakayoangaza kabati lako.

Mwisho vanishi, ambayo wengi huisahau. Ya kung'aa, ile tunayopaka kabla ya dekali, yaani alama na maandishi ya kubandika, inaizamisha rangi. Isiyong'aa inaipandisha tena, lakini si mpaka palepale. Kijiko changu cha majaribio kinapita njia yote: praima ya kutangulia rangi, rangi, vanishi ya kwanza, dekali ya ziada, vanishi ya pili. Kikishakauka ndipo nakipeleka kwenye picha.

Sasa niko kwenye helikopta ya HH-3E ya Jeshi la Anga la Marekani, ile Jolly Green, yenye 34079 na 34102 za kijani, na 30219 ya mchanga. Hapa tofauti kati ya rangi ina uzito kuliko kila rangi peke yake: mchanga ukipauka mno, vijani viwili vinaungana na kuwa baka moja. Nitaanza na 34102, ile ya katikati, kisha nizipime hizo mbili kwa hiyo, moja ikipanda, nyingine ikishuka.