Macho Chini ya Weupe

Dada yangu alikuwa akifanya kazi Athens, akimtunza bikizee mmoja. Siku yake ya mapumziko akanipeleka Makumbusho ya Sanaa ya Cyclades, mtaa wa Neophytou Douka. Mimi nilitaka ufukweni. Akaniambia, "Bahari umeiacha Tanga, mdogo wangu. Twende."

Ukumbini mlikuwa na giza, taa zikimulika makabati ya vioo tu. Mle ndani wamejaa wanawake weupe wa marumaru, waliochongwa katika visiwa vya Cyclades, Ugiriki, kati ya mwaka 3200 na 2000 KK hivi. Wengi unaweza kuwabeba kwa mkono mmoja; yupo mmoja wa mita 1.40. Uso mtupu, pua peke yake. Mikono imekunjwa tumboni, wa kushoto juu ya wa kulia. Vidole vya miguu vimeelekea chini, kwa hiyo hawawezi kusimama mpaka washikizwe. Patasi ya chuma haikuwepo enzi hizo. Jiwe lilisuguliwa kwa jiwe gumu zaidi, la kisiwa cha Naxos. Mabega yaliniuma kwa kuwaza tu.

Mlinzi, mama wa makamo, aliniona nimeganda. Akaniashiria nisogee ubavuni mwa kabati na kuinama. Mwanga ulipopita mshazari, likajitokeza jicho! Rangi yenyewe ilishatoka, ila pale ilipopakwa iliukinga uso wa jiwe usiliwe, pakabaki pameinuka kidogo, kiasi cha unywele. Mama yule akaeleza kwa Kigiriki, dada akitafsiri: walipakwa nyekundu na buluu, wakachorwa macho, nywele, hata nukta mashavuni. Kumbe weupe uliomvutia mchongaji wa karne ya ishirini kama Henry Moore ni kazi ya udongo na miaka.

Nikauliza waliwekwa kaburini pamoja na maiti gani, wa wanaume au wa wanawake. Akapandisha mabega. Wengi waliochimbuliwa na waporaji wa makaburi, hasa miaka ya 1950 na 1960, waliuzwa bila kusemwa wametoka kaburi gani. Swali langu liliuzwa pamoja nao.

Tulipitia dukani. Rafu imejaa nakala, zote nyeupe pe. Dada akauliza kama wanayo yenye macho. Muuzaji akatabasamu: "Ukiyachora macho, wateja wanasema ni ya bandia."

Plasta tupu zile! Dada alicheka mpaka kituo cha basi.