Simba na mzee
Jamani huyu mbwa wetu Simba hana dogo, bodaboda zinapita kutwa nzima hata kichwa hanyanyui ila ya mzee ikiwa bado iko kule chini kwenye kona yeye keshajua, anaruka huyo juu ya mawe mkia unapiga kushoto kulia mpaka makalio yanacheza 😂 Na mzee wetu mnavyomjua si mtu wa kucheka ovyo, ila hapo utamskia "haya haya mwanangu, mwache baba apite", sisi aliotuzaa hata salamu bado. Mama sasa, ndo alosema hataki mbwa kwake, leo akishuka soko la samaki la mwaloni Kirumba, mapanki (mifupa ya sangara) ya Simba ndo ananunua kwanza, anachemsha anamtolea miba mmoja mmoja kwa mkono anachanganya na dona. Sisi dagaa tutajijua wenyewe.