Kura 73 kwa 73: Uchaguzi wa Marekani Uliokwama Bungeni

Kila msimu wa uchaguzi unapokaribia hapa Nairobi, hukosi kumsikia mtu, iwe ndani ya matatu au katika kipindi cha redio cha asubuhi, akilalamika kwamba siasa zetu bado changa, ilhali Wamarekani waliandika katiba moja mwaka 1787 na wakaishi nayo kwa amani. Kwamba katiba ni ile ile ni kweli, ingawa imerekebishwa mara nyingi. Hayo ya amani ndiyo yanayonifanya niandike, kwa sababu katiba hiyo ilikaribia kuvunjika kabla ya kutimiza miaka kumi na mitano.

Waliokutana Philadelphia kuitunga hawakuvitaja humo vyama vya siasa hata mara moja. Waliviona kuwa maradhi ya tawala za zamani, wakapanga namna ya kumchagua rais kana kwamba havitazaliwa: kila mjumbe wa uchaguzi, yaani mtu aliyeteuliwa na jimbo lake kumchagua rais, apige kura mbili bila kubainisha ipi ni ya rais na ipi ni ya makamu, kisha mwenye kura nyingi zaidi awe rais na anayemfuata awe makamu wake. Utaratibu huo haukuleta taabu kwa George Washington, ambaye kila mjumbe alimpa kura yake mara zote mbili alizochaguliwa. Hata hivyo, ndani ya baraza lake la mawaziri kambi mbili zilikuwa zimekwisha kuundwa.

Ugomvi ulianzia kwenye deni. Alexander Hamilton, Waziri wa Fedha, alitaka serikali kuu ibebe madeni ambayo majimbo yalikopa wakati wa vita vya uhuru. Virginia, iliyokuwa imelipa sehemu kubwa ya deni lake, haikuona sababu ya kuwalipia wazembe; Mkenya anayefuatilia mivutano ya mgao wa fedha za kaunti hahitaji kufafanuliwa hasira hiyo. Mwaka 1790 walipatana kwamba deni libebwe na serikali kuu, na mji mkuu upelekwe kusini, kando ya mto Potomac. Amani haikudumu. Mwaka uliofuata Hamilton alipata benki ya taifa na kodi ya wiski, na kufikia 1794 wakulima wa magharibi mwa Pennsylvania walikuwa wameasi kwa sababu ya kodi hiyo, hata Washington akatuma wanamgambo wapatao 13,000 kuwatuliza. Thomas Jefferson, Waziri wa Mambo ya Nje, naye alikuwa amemwajiri Philip Freneau kuwa mtafsiri katika wizara yake, na Freneau huyo huyo alihariri gazeti lililoishambulia serikali ambayo Jefferson alikuwa waziri wake. Wafuasi wa Hamilton waliitwa Wafederali, wa Jefferson Warepublikani, ambao wasichanganywe na chama cha leo chenye jina hilo.

Uchaguzi wa 1796 ulionyesha kasoro ya ule utaratibu wa kura mbili. John Adams, Mfederali, alipata kura 71, Jefferson akapata 68, na hivyo rais akapewa makamu aliyekuwa mpinzani wake mkuu. Hapa kwetu tumeona mwaka 2024 naibu wa rais akiondolewa na Bunge, na huyo alichaguliwa pamoja na rais wake kwa tiketi moja. Adams na Jefferson hawakuwahi kuwa na tiketi moja. Mwaka 1798, nchi ikiwa ukingoni mwa vita na Ufaransa, Wafederali walipitisha sheria ya uchochezi iliyofanya kuwa kosa kuchapisha maneno ya uongo na ya kashfa dhidi ya serikali, rais au Bunge. Makamu wa rais hakutajwa miongoni mwa waliolindwa, na sidhani kwamba walimsahau. Matthew Lyon, mbunge wa Vermont, alifungwa miezi minne na kutozwa faini ya dola 1,000 chini ya sheria hiyo, lakini wapiga kura wake wakamchagua tena akiwa bado gerezani.

Ndipo ukaja uchaguzi wa 1800. Warepublikani walimshinda Adams, lakini walikuwa na nidhamu kupita kiasi: kila mjumbe wao aliwapigia Jefferson na mgombea mwenza wake, Aaron Burr, bila hata mmoja kukumbuka kumnyima Burr kura moja. Wote wawili wakapata 73. Katiba ilitaka sare iamuliwe na Baraza la Wawakilishi, kila jimbo likiwa na kura moja, na mshindi apate majimbo 9 kati ya 16. Baraza lenyewe lilikuwa lile la zamani, lililojaa Wafederali walioshindwa, na wengi wao wakaona afadhali Burr. Burr hakutamka waziwazi kwamba anajitoa.

Upigaji kura ulianza tarehe 11 Februari 1801. Jefferson alipata majimbo 8, Burr 6, na mawili, Vermont na Maryland, yakagawanyika nusu kwa nusu. Duru baada ya duru matokeo hayakubadilika. Joseph Nicholson wa Maryland, akiwa na homa kali, alibebwa hadi jengo la Bunge na kupiga kura akiwa amelala katika chumba cha pembeni, kwa kuwa asingekuwepo, jimbo lake lingemwendea Burr. Magavana wa Virginia na Pennsylvania walianza kuwaweka wanamgambo tayari, endapo Wafederali wangejaribu kumpa urais mtu mwingine kwa hila. Hamilton, aliyemchukia Jefferson kwa miaka kumi, aliwaandikia wenzake barua akiwasihi wamkubali, kwa hoja kwamba Jefferson angalau ana misimamo na Burr hana wowote.

Aliyelegeza fundo ni James Bayard, mbunge pekee wa Delaware, ambaye kura yake moja ilikuwa na uzito sawa na ya wabunge wote 19 wa Virginia. Bayard alisema baadaye kwamba alihakikishiwa kupitia mtu wa kati kuwa Jefferson hatavuruga deni la taifa, jeshi la majini wala ajira za maofisa wa chini. Jefferson alikana kuahidi chochote. Katika duru ya 36, tarehe 17 Februari, Wafederali kadhaa walijiondoa au kuacha karatasi zao tupu, na Lyon, yule aliyefungwa, akabaki peke yake kuiamulia Vermont. Jefferson akapata majimbo 10. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba katiba ndiyo iliyowaokoa, namjibu kwamba katiba ndiyo iliyowatega, na kilichowaokoa ni mapatano ya vichochoroni. Adams aliondoka mjini alfajiri ya tarehe 4 Machi, siku ya kuapishwa, asimpe mrithi wake hata mkono. Lakini aliondoka, na jeshi halikuulizwa lolote.

Kuna hesabu nyingine ambayo husimuliwa kwa haraka. Katiba iliruhusu watu watano waliofanywa watumwa wahesabiwe kama watatu wakati wa kugawa viti vya Bunge, na wajumbe wa uchaguzi walifuata idadi ya viti hivyo. Watu hao hawakupiga kura, ila miili yao iliwaongezea kura mabwana zao wa kusini. Jefferson alimshinda Adams kwa kura 8 tu, na wanahistoria wengi wanakubali kwamba bila nyongeza hiyo Adams angebaki madarakani. Mapinduzi ya kidemokrasia ambayo Warepublikani walijisifia yalisimama juu ya mabega hayo.

Kasoro ya kura mbili ilirekebishwa upesi: kufikia Juni 1804 Marekebisho ya 12 yalikuwa yameidhinishwa, na tangu hapo rais na makamu hupigiwa kura tofauti. Mwezi uliofuata Burr, akiwa bado makamu wa rais, alimpiga Hamilton risasi katika pambano la bastola huko Weehawken, New Jersey, na Hamilton akafa siku iliyofuata. Kifungu cha tatu kwa watano hakikuguswa. Kilibaki katika katiba hadi vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha, na kikafutwa na Marekebisho ya 14 mwaka 1868.