Pipa limejaa chumvi, maji bado magumu: miaka yangu mitatu na mashine ya kulainisha maji

Siku niliyogundua kwamba mashine yetu ya kulainisha maji imelala, pipa lake la chumvi lilikuwa limejaa hadi karibu na mfuniko. Ndiyo maana nilichelewa. Kwa majuma kadhaa nilikuwa naziona dalili na kuzitafutia sababu nyingine: madoa meupe yamerudi kwenye vioo vya bafuni, sabuni haitoi povu, taulo zimekakamaa, na birika limeanza kushika ukoko chini. Kila nikipata wasiwasi nilifunua pipa, nikaona chumvi tele, nikafunika. Nilijiambia mashine ina chakula chake, basi inafanya kazi.

Mwishowe nikampigia simu fundi.

"Chumvi ipo?" akaniuliza.

"Ipo, fundi. Imejaa."

"Imejaa juu tu, au imejaa mpaka chini?"

Sikuwa na jibu. Akaniambia nichukue mpini wa ufagio niushindilie taratibu katikati ya chumvi. Ukagonga kitu kigumu kama sakafu. Nilipoongeza nguvu, ukatumbukia ghafla. Chini ya chumvi palikuwa na uwazi mtupu, na maji yametulia huko chini kabisa. Chumvi ilikuwa imeshikana ikawa kama dari, na maji yaliyokuwa yakiingia kila mashine inapojiosha hayakuigusa hata kidogo. Kwa majuma yote yale mashine ilikuwa ikijiosha kwa maji matupu.

Hilo ndilo lililonifanya nianze kuisoma mashine yenyewe badala ya kulitazama pipa. Maji magumu ni maji yaliyobeba kalsiamu na magnesi, madini ambayo maji huyayeyusha yanapopita kwenye miamba. Ndani ya tangi refu la mashine kuna punje ndogo sana za rezini, aina ya plastiki, na kila punje imeshikilia sodiamu. Maji yanapopita, punje zinanasa kalsiamu na magnesi, na kuachia sodiamu badala yake. Baada ya siku kadhaa punje zimejaa, hazina tena cha kubadilishana. Hapo ndipo chumvi inapohitajika: mashine huvuta maji makali ya chumvi kutoka kwenye pipa na kuyapitisha polepole kwenye rezini. Sodiamu inakuwa nyingi kiasi cha kuibandua kalsiamu, nayo hutolewa pamoja na maji machafu. Kisha rezini inasuuzwa, pipa linaongezewa maji kwa ajili ya zamu ijayo, na kazi inaanza upya. Watu wengi wanaokuja nyumbani huuliza kama tunatia chumvi kwenye maji ya kuoga. Hapana. Chumvi inaosha rezini, kisha inakwenda zake.

Kuivunja ile dari kulichukua muda kuliko nilivyodhani. Nilichoma kwa mpini sehemu moja moja, bila kugonga kuta za pipa kwa sababu ni plastiki na zinaweza kupasuka. Palipokataa nilimwaga maji ya moto kidogo. Baada ya hapo nilitaka kuiwasha mashine ijioshe palepale, lakini fundi akanizuia: maji yaliyokuwa chini hayakuwa yamekolea chumvi bado. Lita moja ya maji hubeba takriban gramu 360 za chumvi ikikolea kabisa, na inahitaji saa kadhaa za kukaa pamoja ili ifike hapo. Nikasubiri hadi usiku. Asubuhi sabuni ilitoa povu.

Kilichosababisha dari ile kilikuwa mimi mwenyewe, kwa mambo mawili. Nilikuwa najaza pipa hadi juu ili nisisumbuke mara kwa mara, na chumba lilimokaa kina unyevu mwingi. Tena, siku moja chumvi ya punje kubwa ilipokosekana, nilimwaga chumvi laini ya mezani. Chumvi laini hugandana, au hushuka chini ikawa tope zito linaloziba njia ya kunyonya. Siku hizi siweki zaidi ya theluthi mbili za pipa, naacha chumvi ishuke kwanza ndipo niongeze, na natumia vidonge vya chumvi iliyosafishwa. Chumvi ya mawe ni chumvi pia na inafanya kazi, ila ina mchanga na uchafu usioyeyuka, na uchafu huo wote unabaki chini ya pipa ukikusubiri. Kila Jumapili napitisha mpini mpaka chini. Ni kazi ya dakika moja.

Tatizo la pili lilikuja kwa sura tofauti kabisa, na nashukuru kwamba wakati huo nilikuwa nimenunua kipimo. Ni chupa ndogo ya dawa ya matone: unachukua maji kidogo kwenye kichupa, unatia tone moja moja huku unatikisa, na rangi ikigeuka kutoka nyekundu kuwa ya buluu unahesabu ni matone mangapi. Maji yetu kabla ya mashine yana ugumu wa miligramu 320 kwa lita. Zaidi ya 180 huhesabiwa kuwa magumu sana, kwa hiyo sisi tuko mbali. Baada ya mashine, tone la kwanza tu linatakiwa kuleta buluu. Siku hiyo nilihesabu matone na rangi ikabaki nyekundu, nyekundu, nyekundu. Nikapitisha mpini: hakuna dari. Lakini maji ndani ya pipa yalikuwa juu kuliko kawaida, yamefunika chumvi.

Nilikaa pale nikawaza. Maji yanaingia kwenye pipa, hilo nalijua kwa sababu yapo. Yanatakiwa kuvutwa yatoke, na hayajatoka. Basi tatizo liko kwenye kuvuta. Nikaiwasha mashine ijioshe kwa mkono, nikasubiri ifike hatua ya kunyonya, nikachomoa mpira mwembamba unaotoka kwenye pipa na kuweka kidole kwenye mdomo wa upande wa mashine. Kidole hakikuvutwa hata kidogo.

Mashine hizi hazina pampu ya kunyonya. Maji ya bomba yanapitishwa kwa kasi kwenye tundu jembamba mno, na kasi hiyo ndiyo inayovuta maji ya chumvi kutoka pembeni. Punje moja ya mchanga ikikaa kwenye tundu hilo, mvuto umekwisha. Nilifungulia maji njia ya pembeni ili nyumba iendelee kupata maji bila kupitia kwenye mashine, nikaondoa presha iliyobaki ndani, nikachomoa umeme, nikafungua skrubu mbili. Ndani kulikuwa na kichujio kidogo kilichojaa mchanga mwekundu, na tundu lenyewe limeziba. Nikaviosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, nikazibua tundu kwa kijiti cha kuchokolea meno. Usitumie waya wala sindano: tundu lile limetengenezwa kwa kipimo, na ukilipanua mvuto hautakuwa ule ule tena. Ringi ya mpira nilipoirudisha niliipaka mafuta kidogo ya silikoni, maana ikiwa kavu inajikunja na kuvuja. Kidole kikavutwa. Sikuamini jinsi nilivyofurahi kwa jambo dogo namna hiyo.

Mchanga ule ulitoka kwenye bomba kuu, lililokuwa limekatwa na kuungwa upya siku chache kabla. Nikaweka kichujio cha kawaida kabla ya mashine, na sasa nakibadilisha maji yakianza kupungua nguvu. Tangu hapo tundu sijalifungua ila mara moja kwa mwaka.

Jambo lililonipa faida kubwa kuliko yote, hata hivyo, lilikuwa hesabu. Fundi aliyefunga mashine alikuwa ameiweka itumie kilo 6 za chumvi kila inapojiosha. Tangi letu lina lita 25 za rezini. Kwa chumvi hiyo rezini inapata uwezo wa kunasa takriban gramu 1,700 za ugumu. Ukiipa kilo 2.5 tu, inapata takriban gramu 1,150. Yaani chumvi inapungua kwa zaidi ya nusu, lakini uwezo unapungua kwa theluthi moja tu. Sababu ni kwamba kalsiamu inayong'oka kwa urahisi inang'oka na chumvi ya mwanzo. Ile iliyokaza inadai chumvi nyingi sana kwa faida ndogo.

Nikasoma mita: watu wanne tunatumia kama lita 600 kwa siku. Kwa miligramu 320, hiyo ni gramu 192 za ugumu kila siku. Kwa mpango wa zamani mashine ilijiosha kila baada ya siku tisa hivi na kula kilo 20 za chumvi kwa mwezi. Kwa mpango mpya inajiosha kila siku sita, na inakula kilo 12 na nusu. Inajiosha mara nyingi zaidi, kwa hiyo maji ya kusuuzia yanaongezeka kidogo, nami nimeona ni afadhali hivyo kuliko kumwaga chumvi yote ile ardhini. Kama mashine yako inahesabu lita, iambie ugumu halisi uliopima wewe, usiukubali ule uliokuja nao kutoka kiwandani. Ukiwa na mashine ya saa tupu, inayojiosha kila baada ya siku kadhaa hata kama hamkuwepo nyumbani, utapoteza chumvi nyingi kwa kitu ambacho hakikuchafuka. Na umeme ukikatika, hakikisha saa yake haijarudi nyuma, la sivyo itaanza kujiosha wakati watoto wanaoga, na kwa muda ule maji yote yanayotoka ni magumu.

Kuna mabomba mawili ambayo nimeyatoa kabisa kwenye mashine. La kwanza ni la jikoni, la kunywa na kupikia. Kila miligramu 100 za ugumu zinazoondolewa huacha miligramu 46 za sodiamu, kwa hiyo maji yetu yanaongezeka karibu miligramu 147 kwa kila lita. Kwa mtu mzima mwenye afya si kitu kikubwa. Lakini mama mkwe wangu ana shinikizo la damu na ameambiwa apunguze chumvi, na sikutaka kubahatisha. Kuna watu hutumia kloridi ya potasiamu badala ya chumvi. Nayo inafaa, ila mwenye ugonjwa wa figo amuulize daktari wake kwanza.

Bomba la pili ni la bustani. Huko nilijifunza baada ya kuona udongo wa kitalu changu umekazana, maji yanasimama juu bila kuzama. Udongo wa mfinyanzi hubadilishana madini kama rezini inavyofanya. Kwa kweli mabadilishano hayo yalielezwa kwanza kwenye udongo, na mkemia Mwingereza John Thomas Way mwaka 1850, miaka mingi kabla ya rezini kutengenezwa. Nilikuwa nikiumwagilia udongo sodiamu, nao ukaishika na kuachia kalsiamu yake, kinyume cha nilichotaka. Maji magumu ambayo yanaharibu birika ndiyo yanayoifaa bustani.

Familia ilichukua muda kuzoea. Watoto walilalamika kwamba sabuni haitoki mwilini, ngozi inateleza. Sabuni ilikuwa imetoka; walichozoea ni ule mkwaruzo wa mabaki ya sabuni iliyoganda na kalsiamu. Dawa yake ni kutumia sabuni kidogo. Ya kufulia tumepunguza hadi nusu, na nguo zinatoka safi. Hita ya maji, ambayo zamani ilikuwa ikinguruma kila ikiwaka kwa ajili ya ukoko ndani yake, niliiondolea ukoko mara moja kwa siki, ukachemka mapovu na kuyeyuka, na haijanguruma tena.

Rezini yenyewe sasa ndiyo ninayoiangalia. Klorini iliyo kwenye maji ya bomba huila polepole, punje zinalainika na kuvunjika, na maji yenye madini ya chuma huzipaka kutu. Kwa kawaida hudumu miaka kumi na zaidi. Yetu tuliikuta na nyumba, na fundi anakadiria ina miaka minane. Tangu mwaka huu uanze, kipimo kinaanza kuonyesha matone mawili siku ya sita, wakati zamani siku ya sita ilikuwa tone moja kama siku nyingine. Nimeishusha mashine ijioshe kila siku tano, naandika matone kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani juu ya pipa, na siku ikilazimu kushuka hadi nne nitanunua rezini mpya, lita 25, na kuimwaga mle ndani mwenyewe huku fundi akiniangalia.