Mita 60 kutoka mtoni: nilivyopata kibali cha bwawa la samaki

Bwawa langu nililipima kwanza mahali pasipotakiwa. Nina shamba la ekari mbili na nusu huku Kilolo, mkoani Iringa, linaloteremka kutoka barabarani hadi kwenye kijito, na chini kabisa kuna kinyungu, yaani bustani ya bondeni, nilichorithi kwa baba. Udongo mweusi, unyevu hadi Oktoba. Bwawa ungelichimba wapi kama si hapo? Nikapigilia vigingi, mita 10 kwa 20, nikapatana bei na vijana wa kuchimba.

Afisa uvuvi alipofika hata vigingi hakuvitazama. "Kijito kiko wapi?" Tukavuta futi kamba: mita 14. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingoni. Nikamwambia mbona vinyungu vimejaa bonde zima. Akasema vinyungu navyo vina kesi yake, tusichanganye mambo.

Basi nikapanda juu, kwenye udongo mwekundu niliokuwa nikiudharau. Afisa alinifundisha kuupima: loweka, finyanga donge, rusha juu, udake. Likisambaratika mkononi, hapo hapashiki maji. Kisha nikachimba shimo la kimo cha goti, nikalijaza jioni. Asubuhi la kwanza lilikuwa kavu. La pili, hatua 30 upande wa migomba, lilikuwa limepungua upana wa vidole viwili. Pale pale.

Kuhama huko kulileta jambo jingine: maji sasa yaje kwa mfereji kutoka juu ya kijito, na hapo unahitaji kibali cha kutumia maji. Kilolo tuko Bonde la Rufiji, ofisi ya bodi ya maji iko Iringa mjini. Ndugu zetu wa Rungwe wanakwenda Tukuyu, Bonde la Ziwa Nyasa. Uliza mapema uko bonde gani, maana mabonde hayafuati mipaka ya mikoa.

Karatasi sitazisimulia moja moja: barua ya mtendaji, mchoro, fomu, muhtasari wa kikao cha kijiji. Kilichonitoa jasho ni swali la kiasi cha maji. Bwawa la mita 10 kwa 20, kina cha wastani mita moja, ni lita 200,000. Mfereji nao niliupima kwa ndoo ya lita 20 na saa ya simu: sekunde 40 imejaa. Nusu lita kwa sekunde, kwa hiyo bwawa lingejaa kwa siku nne na nusu hivi, na baada ya hapo ni kufidia yanayozama na kukauka tu. Afisa wa bonde aliposoma hesabu hiyo aliacha kunihoji.

Kikao cha kijiji ndicho kilikuwa mtihani. Baada ya kamwene, salamu yetu ya Kihehe, na habari za mvua, mama mmoja mwenye kinyungu chini yangu akasimama: "Mwanangu, samaki wako watakunywa. Maharage yangu je?" Watu wakacheka, yeye hakucheka. Mimi nilikuja na majibu ya sheria, yakaisha mdomoni. Nikaahidi nitajaza masika tu, kiangazi nifunge kibao cha mfereji kijito kiende chote, na maji ninayotoa bwawani yapite kwanza kwenye mtaro wa migomba. Mtendaji akaandika yote, nikatia sahihi. Ukurasa huo ndio uliombwa kila ofisi niliyoingia baadaye.

Ofisi moja ilipoteza faili langu. Nilikuwa na nakala ya kila karatasi iliyogongwa mhuri, vinginevyo ningeanza upya. Hadi kibali kutoka ilipita miezi saba, na vijana wa kuchimba walishakwenda kuvuna chai Mufindi, ikabidi nitafute wengine kwa bei ya juu.

Bwawa lilijaa Aprili, nikapandikiza vifaranga 500 vya sato. Juni na Julai baridi ya huku iliwazubaisha, chakula kikawa kinaelea hadi jioni, nikapunguza. Ukipanga kuvuna miezi sita kama watu wa pwani utajidanganya.

Agosti yule mama alipita kuangalia kibao cha mfereji. Kimefungwa. Akakaa kidogo ukingoni, akachota kiganja cha maji yale ya kijani, akanusa. "Haya yangefaa kabichi," akasema, na kesho yake akaja na ndoo mbili.