Kishona nguo, mkasi na soksi za utingo

Mtu akisikia nafuga kondoo hapa Matamba, swali lake la kwanza ni bei ya Krismasi. Nikimwambia nyama kwangu ni nyongeza, ninachotafuta ni sufu, ananikagua usoni kuona kama natania. Simlaumu. Kondoo wengi wa nchi hii, wale wa kichwa cheusi na wale wekundu wa mkia mnene, wana nywele fupi tu; hapo mkasi hauna kazi. Wangu ni chotara. Aliyeniuzia wazazi wao alisema wana damu ya Corriedale, kondoo waliopatikana New Zealand kwa kuchanganya Merino na Lincoln, na mgongoni kweli inaonekana. Usoni na miguuni ni wa kienyeji kabisa. Kundi lote halijafika thelathini.

Asubuhi siwafungulii mapema. Huku juu, jirani na Kitulo, Juni na Julai nyasi zinaamka nyeupe kwa sakitu, na miezi mingine umande haukauki mpaka jua lipande vizuri. Mabuu ya minyoo hupanda kwenye majani yaliyolowa, na kwato zinazoshinda kwenye maji huoza. Kwa hiyo sisi tunakunywa chai kwanza. Mzee mmoja mwenye ng'ombe hupita na kundi lake na kunipigia kelele kutoka barabarani:

"Baba Tuli, bado umelala?"

"Shikamoo mzee. Nasubiri umande."

"Marahaba. Umande wa saa tatu!"

Wakati wa kusubiri ndiyo wakati wa kukagua. Nafunua kope la chini la kila mmoja: likiwa jekundu au la waridi anaenda malishoni, likiwa limepauka ana minyoo inayonyonya damu, huyo anabaki apate dawa. Nageuza nyuma kuona kama mavi yamegandamana chini ya mkia, maana nzi akitaga hapo ni funza. (Samahani kwa wanaosoma wakila.) Naangalia kwato. Jiwe la chumvi la ng'ombe haliingii zizini kwangu: mara nyingi lina shaba, na shaba hujilimbikiza kwenye ini la kondoo mpaka siku inamuua.

Halafu kuna adui ambaye wafugaji wa nyama hawamjui kabisa, kishona nguo. Yale majani mliyoyachuma mboga utotoni, yakikomaa yanatoa vijiti vyeusi vyenye meno, na meno hayo yakiingia kwenye sufu hayatoki kwa maji wala kwa brashi. Unavitoa kimoja kimoja kwa kucha. Kuanzia Aprili napalilia njia ya kwenda malishoni kwa bidii kuliko ninavyopalilia viazi, na watu wanaopita wanacheka: mtu mzima analimia barabara! Wanaofuma kwa uzi wa dukani hawajui kwamba sufu nyingi huharibikia zizini na njiani, kabla mkasi haujaonekana. Ukirusha majani makavu juu ya vichwa vyao, vumbi na mabua yanatua shingoni, na shingo ndipo penye sufu nzuri. Hori langu liko chini, magotini. Ukimpaka rangi ya mafuta mgongoni ili umtambue, rangi hiyo utaikuta kwenye soksi. Wangu nawatambua kwa hereni.

Tunanyoa Oktoba, baridi ikiwa imelegea na mvua bado. Usiku wa kabla yake hawali, maana kondoo aliyeshiba akikalishwa kitako anahema kwa shida. Na lazima awe mkavu. Sufu iliyolowa ikifungiwa kwenye gunia inaota ukungu. Mkasi wetu ni ule wa mkono wenye springi nyuma, hauna injini. Unamkalisha kwa makalio, mgongo wake kwenye magoti yako, na wengi hapo wananyamaza wakitazama mbinguni. Tumbo kwanza, na sufu ya tumbo naiweka kando kwa kujazia mito. Kisha ubavu, mgongo, ubavu wa pili. Kosa la wanaojifunza ni kurudi nyuma kusawazisha mahali walipoacha kirefu. Vipande vile vifupi vya mkato wa pili ndivyo vinavyokuja kuwa vinundu kwenye uzi. Acha mistari, kondoo haendi harusini.

Sufu ikitoka vizuri inatoka kipande kimoja, kilo 2 au 3 kwa hawa wangu. Naitupa juu ya meza ya fito zilizoachana, uchafu unadondoka chini, nachambua kingo. Ndipo linakuja jambo ninalolipenda kuliko yote katika kazi hii.

Sufu huota kutoka kwenye ngozi, kwa hiyo ncha ndiyo kongwe na shina ndilo jipya. Ncha ni ya Oktoba ya mwaka jana, shina ni la wiki hizi. Nachukua kishungi chembamba, mkono mmoja nchani, mwingine shinani, nakisogeza sikioni na kukivuta kwa ghafla. Kizima hutoa mlio mkavu, kinakaza, basi. Kidhaifu kinakatika, na hapo natazama kimekatikia wapi. Karibu na ncha, Desemba: alizaa, pengine pacha, na mimi sikumwongezea chakula. Katikati, Machi au Aprili, mvua zilipokuwa nyingi: minyoo, au kwato zilimzuia kufika kwenye majani. Karibu na shina, Julai: sakitu iliunguza nyasi na akiba ya majani makavu ilikuwa ndogo. Mwili ukikosa chakula au ukipata homa, unyoya huota mwembamba siku hizo, na hapo palipokonda ndipo patakapokatika. Kondoo hawezi kuniambia aliumwa mwezi Machi, na siku hiyo huenda nilimwona akitembea na wenzake nikaridhika. Sufu yake inasema Oktoba, mbele ya mke wangu.

Ndiyo maana pesa yangu nyingi inaishia kwenye chakula. Majani nakata mapema, Aprili na Mei, nakausha. Pumba za mpunga zinatoka chini Chimala, zinapandishwa kwa ile barabara ya kona 57, na nauli ya gunia inaniuma kuliko pumba zenyewe. Mashudu ya alizeti ni ya wenye mimba, mwezi wa mwisho kati ya ile mitano.

Kuosha kunataka subira tu. Maji ya moto ya kutosha kuyeyusha mafuta ya sufu, sabuni, unazamisha na kuacha. Ukikoroga, ukifikicha, au ukitoa kwenye moto na kutumbukiza kwenye maji ya baridi ya bomba, sufu inagandamana na kuwa kipande kigumu ambacho hakuna atakayekiachanisha. Ikikauka, karibu nusu ya uzito imekwenda na maji: mafuta, jasho, vumbi la Matamba. Maji hayo tunamwagia kabichi. Gunia la akiba naliwekea maua makavu ya pareto, maana nondo wanaipenda sufu kuliko wanunuzi.

Kuchana na kusokota ni idara ya shangazi wa mke wangu. Ana brashi mbili za meno ya waya za kuchania na pia ya kusokotea aliyojichongea, na anasokota huku akisimulia habari za misiba na harusi za tarafa nzima bila kutazama mikono. Nyuzi mbili anazisokota pamoja kwa upande wa kinyume ili zisijikunje. Ananipa lawama moja kila mwaka: zile nywele nyeupe ngumu za damu ya kienyeji. Zinachoma shingoni na hazishiki rangi, ukitia maganda ya vitunguu na shabu uzi wote unakuwa wa manjano na zenyewe zinabaki nyeupe. Kwa magome ya miwati, yanayotoa kahawia, ni hivyo hivyo. Dawa yake ni dume bora, na mwaka huu nimemtafuta asiye ndugu wa majike yangu.

Kuuza? Sweta letu moja kwa bei yake unapata matatu ya mitumba soko la Mwanjelwa, Mbeya, kwa hiyo masweta tumeacha kuyafuma isipokuwa kwa agizo. Wateja wetu wa kweli ni matingo wa malori ya viazi. Hawa wanakaa juu ya mzigo usiku, wanashuka kwenye matope kuweka jiwe nyuma ya gurudumu, na wanajua kuwa soksi ya sufu ikilowa bado ina joto. Sufu inaweza kunyonya maji karibu theluthi ya uzito wake kabla hujaanza kuhisi ubichi. Hawaulizi kama inachoma. Wanauliza kama inafika magotini.

Mmoja wao sasa anataka glovu zenye vidole vilivyokatwa nusu, ili aweze kufunga kamba. Anadai zilipwe nusu bei kwa sababu ni nusu vidole. Mke wangu amemjibu kwamba kidole kifupi kina kazi ile ile ya kuanza na kufunga uzi, na ni kumi. Bado wanavutana.