Sikio linalopiga kama moyo: siku moja kwenye chumba cha CT

Saa 11:20 alfajiri. Daladala ya Mbagala imejaa hadi mlangoni. Mimi ni mpiga picha za CT hospitalini, yaani eksirei inayoonyesha mwili kipande kwa kipande, kazi ambayo shemeji yangu anaiita "kubonyeza kitufe".

Saa 1:00 asubuhi. Mashine inapashwa moto, kisha inapiga picha ya kopo la maji. Maji yasiposoma karibu na sifuri, hapandi mtu kitandani.

Saa 3:15. Mama muuza vitumbua, wa Tandika. Fomu inasema "CT ubongo, mlio sikioni", basi. Ameshapigwa picha kama hiyo mwezi jana, bila dawa ya kung'arisha mishipa, akaambiwa hana tatizo.

"Shikamoo mama. Mlio wenyewe ukoje?"

"Marahaba mwanangu. Kama mtu anapuliza jiko. Fuu, fuu. Kulia tu."

Namwomba agonge meza kwa kidole kila anapousikia, huku nimeshika mapigo ya mkono wake. Kidole na mshipa vinakwenda sawia. Kisha anaongeza mwenyewe: akikandamiza shingo upande huohuo, sauti inakata.

Hapo fomu ile inaniudhi. Mlio wa "nziii" ni habari nyingine. Huu unaofuata moyo mara nyingi una chanzo kinachoonekana, na ukikatika kwa kubonyeza shingo, unaanza kushuku vena, mishipa inayorudisha damu moyoni. Nampigia daktari wa mionzi. Anabadilisha kipimo: mishipa ya kichwa na shingo, pamoja na vipande vyembamba vya mfupa wa sikio.

Saa 5:00. Kipimo cha damu cha kreatinini kimerudi, figo ziko salama. Naweka kanula, mrija mwembamba wa kupitishia dawa mshipani. "Utasikia joto, utadhani umejikojolea. Hujajikojolea." Anacheka. Dawa ikiingia, ukiwahi kupiga unapata ateri, mishipa inayotoa damu moyoni; ukisubiri kama sekunde 40, vena. Leo tunazitaka zote.

Saa 7:30 mchana. Daktari anashusha picha polepole, anasimama nyuma ya sikio la kulia. Ukuta wa mfupa kati ya vena kubwa na vijumba vya hewa vilivyomo ndani ya mfupa wa sikio umetoboka, tundu dogo kuliko punje ya mchele. Anaandika pia apimwe macho, maana shinikizo kubwa ndani ya fuvu, ambalo laweza kuathiri macho, huweza kuandamana na hali hii.

Saa 9:00. Mama bado yuko kwenye benchi.

"Umeona kitu, mwanangu?"

Majibu si yangu kuyatoa. Namwambia daktari wake wa masikio atamweleza yote. Ananitazama usoni, kitambo.

"Basi kipo," anasema, na kujifunga kanga vizuri.